Tusimwadhibu mwandishi kwa kosa la mchoraji: namna ya kuvipa alama vipindi vya Batman

Ndugu waamuzi, wanafunzi wa uandishi na uchoraji, na ninyi mliokuja kwa sababu mnaipenda katuni hii kuliko mnavyothubutu kukiri mbele za watu wazima wenzenu, habari za jioni.

Tunakwenda kuvipa alama vipindi vya Batman: The Animated Series, mfululizo ulioanza kuonyeshwa na Fox ya Marekani tarehe 5 Septemba 1992 na kufikisha vipindi 85 mwaka 1995. Tumeuchagua huu kwa sababu unawatesa waamuzi. Leo unatazama kipindi ambacho kingefaa jumba la sinema, kesho unatazama kingine ambacho kidevu cha Batman kinabadilika umbo kila akigeuka, na majina ya wakubwa wa kazi mwishoni ni yale yale. Mwamuzi asiyejua sababu huishia kutoa alama kwa hasira au kwa mapenzi.

Sababu iko kwenye namna kipindi kilivyotengenezwa. Skripti iliandikwa California, kwenye kitengo cha katuni cha Warner Bros. Ikitoka kwa mwandishi ilikwenda kwa mwongozaji na wachoraji wa storibodi, yaani michoro ya awali inayopanga kila picha. Hao ndio walioamua kamera isimame wapi, nani aonekane kwa karibu, na mlango ufunguke kabla ya neno au baada yake. Waigizaji wa sauti walirekodi kabla mchoro haujaanza kutembea. Kisha mzigo mzima, yaani storibodi, sauti, na karatasi za vipimo vya kila mhusika, ulipelekwa Asia, na huko ndiko mwendo ulikochorwa: Spectrum, Sunrise na TMS za Japani, AKOM na Dong Yang za Korea Kusini, na studio nyingine. Picha zikarudi Marekani, zikahaririwa, ndipo muziki ukawekwa.

Kwa nini studio nyingi hivyo? Fox ilitaka vipindi 65 kwa mkupuo wa kwanza, ili katuni ipite jioni za siku za kazi. Kipindi kimoja ni dakika 22 hivi. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo kipindi kimoja ni fremu 31,680. Hata ukishikilia mchoro mmoja kwa fremu mbili, kama ilivyo desturi ya kazi hii, bado mhusika anayetembea anadai michoro 12 kwa kila sekunde. Zidisha kwa 65. Hakuna studio moja ambayo ingeubeba mzigo huo ndani ya muda uliokuwepo, kwa hiyo kazi iligawanywa, na mikono haikulingana.

Mfano mzuri kuliko yote ni Feat of Clay, hadithi ya sehemu mbili iliyoonyeshwa tarehe 8 na 9 Septemba 1992. Matt Hagen ni mwigizaji aliyeharibika uso kwenye ajali, akawa mtumwa wa krimu ya tajiri Roland Daggett inayomrudishia sura kwa muda tu. Watu wa Daggett wanammiminia krimu hiyo kwa wingi, anageuka Clayface, mtu wa udongo. Sehemu ya kwanza ilichorwa na AKOM, ya pili na TMS. Hadithi ni ile ile, watu ni wale wale, lakini ukizitazama mfululizo utadhani umebadilisha chaneli. Mwishoni mwa sehemu ya pili Batman anamwonyesha Hagen kwenye skrini nyuso zote alizowahi kuigiza, na mwili wake unaanza kuzifuata bila ridhaa yake, uso juu ya uso, mpaka anashindwa kujizuia. Kuchora udongo unaobadilika hivyo, mwili ukabaki na uzito wake na mwanga ukaendelea kuangukia mahali pake, ni kazi ya kuogopesha, na TMS waliifanya.

Mwamuzi mzembe anaipa sehemu ya kwanza 55 na ya pili 95. Ukimuuliza hadithi ya kwanza ilikosa nini, hana jibu. Hadithi ya kwanza haikukosa kitu. Ndiyo iliyobeba kazi ngumu ya kutufanya tumwonee huruma mtu mbaya.

Kwa hiyo karatasi yetu ya alama 100 imegawanywa kufuata mikono iliyofanya kazi. Hadithi ina 40. Uongozaji, yaani mpangilio wa picha na mapigo ya tukio, una 20. Mchoro na mwendo vina 15. Sauti za waigizaji zina 15, muziki na sauti nyinginezo 10. Mtalalamika kwamba 15 kwa mchoro ni ndogo, hasa ninyi wachoraji. Tumeifanya ndogo makusudi. Jicho hulipa mchoro alama hata bila kuagizwa: mchoro ukiwa mzuri, hadithi nayo huonekana nzuri zaidi, na sauti pia. Ukiupa 40, unakuwa umeulipa mara mbili.

Tukae kwenye hadithi, maana ndiko ugomvi mwingi unakozaliwa.

Sote tumekua tukijua kwamba stelingi hafi. Basi swali la "atapona?" halina alama hata moja kwenye karatasi yetu. Mtazamaji wa miaka minane analijua jibu kabla ya wimbo wa mwanzo kuisha. Mvutano lazima utoke kwingine: kwenye anachokitaka adui, kwenye gharama ya ushindi, au kwenye swali ambalo ngumi haiwezi kulijibu.

Chukueni Heart of Ice, iliyoandikwa na Paul Dini na kuongozwa na Bruce Timm, skripti iliyopata tuzo ya Emmy. Mister Freeze anaiba mitambo ya kampuni ya GothCorp, na dakika za mwanzo unadhani ni jambazi la kawaida lenye bunduki ya barafu. Katikati ya kipindi Batman anapata mkanda wa video. Humo tunaona mke wa Freeze, Nora, amelala kwenye mtambo wa kugandisha akisubiri tiba, na bosi wa kampuni, Ferris Boyle, akiamuru mtambo uzimwe kwa sababu ya gharama. Tangu hapo kila tendo la Freeze tulilokwisha kuliona linabadilika maana. Hicho ndicho cha kutafutia alama: habari moja, iliyowekwa mahali pake, inayokulazimisha kuyasoma upya yaliyotangulia. Ingetolewa dakika ya pili, kipindi kingekuwa cha huruma tupu. Ingengoja hadi dakika ya 20, ingekuwa udhuru.

Na tazameni ushindi unavyopatikana. Batman ana mafua yaliyompata kazini, na mtumishi wake Alfred anamfungashia supu ya kuku kwenye chupa ya chai. Tunacheka, tunasahau. Mwisho wa pambano Batman anaipasua chupa hiyo juu ya kofia ya kioo ya Freeze, na kioo kilichoganda kinapasuka kwa joto la ghafla. Suluhisho lilikuwa mbele ya macho yetu muda wote likijifanya kichekesho. Kwenye karatasi yenu kuna mstari usemao "Suluhisho lilipandwa lini?" Andikeni dakika. Kama jibu ni "halikupandwa", kama mkanda wa kiunoni wa Batman umetoa tu kifaa kipya ambacho hatukuwahi kukisikia, ondoeni 8 kati ya zile 40 bila kujadiliana.

Kuna kanuni moja ya waamuzi ambayo tunawaomba muitupe: kwamba shujaa lazima ndiye aamue mambo. Linganisheni vipindi viwili. Katika Joker's Favor, mtu wa kawaida aitwaye Charlie Collins anamtukana dereva mmoja barabarani, kumbe ni Joker, adui mkubwa wa Batman. Anaachwa hai kwa ahadi ya kulipa fadhila siku atakayoitwa, na miaka miwili baadaye anaitwa. Batman yumo, anafanya kazi yake, lakini anayekimaliza kipindi ni Charlie, aliyembana Joker kichochoroni na bomu mkononi hadi Joker akamwita Batman amwokoe. Katika I've Got Batman in My Basement, Batman analazwa na gesi ya adui mwingine, Penguin, na watoto wanamficha nyumbani kwao, kwenye chumba cha chini. Hapa pia uamuzi umetoka mikononi mwa shujaa.

Kipindi cha kwanza ni miongoni mwa vilivyo bora, cha pili kimekuwa kikitajwa kwa miaka mingi miongoni mwa vilivyo dhaifu. Kwa hiyo kosa si kumlaza shujaa. Kosa ni kwamba hatari ilipunguzwa ili itoshee uwezo wa watoto. Penguin na watu wake wanageuka wazembe mara wanapovuka mlango wa nyumba ile, kwa kuwa wakibaki kama walivyokuwa, watoto hawawezi kushinda. Joker hapunguzwi hata kidogo kwa ajili ya Charlie. Charlie ndiye anayepanda, na anapanda kwa sababu amechoka kuogopa na familia yake imetishiwa. Mkiona adui anakuwa mjinga ghafla, simamisheni picha mwandike dakika, kwa sababu hapo ndipo mwandishi alipoishiwa.

Kuhusu uaminifu kwa vitabu vya katuni, tunasema kwa kifupi: hakuna alama zake. Mke wa Freeze hakuwamo vitabuni kabla ya kipindi hiki. Harley Quinn, msaidizi wa Joker, alizaliwa ndani ya Joker's Favor hiyo hiyo, Septemba 1992, na vitabu ndivyo vilivyomfuata baadaye. Anayekata alama kwa sababu "vitabuni si hivyo" angekuwa amewakata wawili hao.

Wala msikate kwa sayansi mbovu isiyoharibu hadithi. Katika Perchance to Dream, Bruce Wayne, yaani Batman akiwa bila barakoa, anaamka wazazi wake wakiwa hai. Anagundua kuwa yuko ndotoni kwa sababu maandishi ya magazeti na vitabu ni herufi zilizovurugika, hazisomeki. Maelezo yanayotolewa kuhusu pande mbili za ubongo ni mepesi mno, ubongo haugawanyiki kirahisi hivyo. Hata hivyo ushahidi uko kwenye picha, mtazamaji anauona sekunde ile ile Bruce anapouona, na kinachompata Bruce baada ya hapo kina uchungu wa kweli. Mpeni mwandishi alama zake.

Sasa uongozaji. Katuni hii ilipita jioni, watoto wakitazama, na watu wa maadili wa televisheni walikuwa wakali kuhusu damu na vifo. Basi mpeni mwongozaji alama kwa njia aliyoipata ndani ya uzio huo. Katika sehemu ya kwanza ya Robin's Reckoning, iliyoonyeshwa tarehe 7 Februari 1993 na kushinda Emmy, wazazi wa Dick Grayson, mtoto ambaye baadaye ni Robin, msaidizi wa Batman, wanakufa wakiwa kwenye bembea ya sarakasi. Hatuoni wakianguka chini. Tunaona kamba iliyokatika ikirudi tupu. Mtoto anaelewa, mtu mzima anaelewa zaidi, na hakuna mkaguzi anayeweza kuonyesha kidole picha yenye kosa. Tukio kama hilo linastahili 18 kwenda juu. Kinyume chake ni kipindi kinachokwepa: mlipuko unatokea, kamera inakimbia, halafu mtu anatuambia kwa mdomo kilichotokea. Hiyo ni 10, labda 11.

Namna ya kupima uongozaji ni kutazama kipindi mara ya pili bila sauti kabisa. Kila baada ya dakika tano jiulize kama unajua nani anataka nini katika chumba kile. Ukijua bila kusikia neno, storibodi imefanya kazi. Ukiona vichwa viwili vinatazamana na midomo inafunguka na kufunga kwa nusu dakika, skripti ilikuwa imebebeshwa maneno na hakuna aliyeipunguza.

Mchoro na mwendo vipimeni mara hiyo hiyo ya bila sauti. Angalieni mambo machache tu: uso unabaki wa mtu yule yule anapogeuka? Miguu inakanyaga sakafu au inaelea juu yake? Koti la Batman lina uzito? Mtu anapopigwa, mwili wake unaanza kusogea kabla ya ngumi kufika? Hilo la mwisho ni kosa la mara kwa mara kwenye kazi ya haraka. Rangi za mandhari ya nyuma ni suala jingine, na hapa vifaa vyenu vinaweza kuwadanganya. Eric Radomski, mmoja wa wakuu wa mfululizo huu, alichagua mandhari yachorwe kwa rangi za mwanga juu ya karatasi nyeusi badala ya rangi za giza juu ya karatasi nyeupe. Ndiyo maana Gotham ile, mji wa Batman, inaonekana kama imetoka ndani ya usiku. Ukiitazama kwenye simu uani saa saba mchana, nusu ya mji imemezwa na weusi, nawe unaandika "picha haionekani vizuri". Fungeni mapazia. Zimeni ule mpangilio wa televisheni unaolainisha mwendo, maana unabuni fremu ambazo mchoraji hakuzichora. Na hakikisheni picha ni ya umbo la zamani, 4 kwa 3, haijavutwa kujaza skrini pana. Tafuteni kitu cha duara, kama mwezi au saa ya ukutani. Kikiwa yai, rekebisheni televisheni kabla ya kuandika chochote.

Nakala nayo iwe moja kwa waamuzi wote. Diski za Blu-ray za 2018 na nakala iliyobanwa mara tatu kwenye intaneti haziwezi kukaa kwenye karatasi moja. Sisi wa nchi zilizotumia mfumo wa televisheni wa PAL tuna tatizo letu: baadhi ya nakala za PAL huchukua fremu 24 na kuzipitisha kwa kasi ya 25 kwa sekunde. Kipindi cha dakika 22 kinaisha kwa 21 na sekunde 7, na sauti zote zinapanda kidogo. Ukimsikia Batman ana sauti nyembamba kuliko unavyomkumbuka, angalia saa kabla ya kumlaumu Kevin Conroy, aliyemwigiza kwa sauti.

Tukiwa kwenye sauti: tumieni sauti ya asili. Nakala zenye DJ anayetafsiri juu ya picha ni burudani ya aina yake, na wengine wanazipenda kuliko asili, lakini DJ anafunika muziki na ukimya, na ukimya nao una alama. Msikilizeni Conroy anavyotenganisha Bruce Wayne na Batman kwa koo tu. Sikilizeni majibizano pia. Andrea Romano, mwongozaji wa sauti, aliwarekodi waigizaji wakiwa pamoja kila ilipowezekana, na unalisikia hilo pale mtu anapodakia sentensi ya mwenzake. Muziki upimeni kwa kugeukia ukuta dakika tatu za tendo la mwisho. Shirley Walker na wenzake walitunga muziki wa kila kipindi kwa okestra, kwa hiyo hata bila picha mnapaswa kusikia adui anapoingia na mizani ya pambano inapogeuka.

Jambo dogo ambalo limewaponza wengi: Alfred ana sauti mbili. Clive Revill alimwigiza katika vipindi vitatu vya kwanza kutengenezwa, kisha Efrem Zimbalist Jr. akachukua hadi mwisho. Lakini Fox haikufuata mpangilio wa utengenezaji. Tarehe 6 Septemba 1992 watu walimsikia Revill katika On Leather Wings, tarehe 7 Zimbalist katika Heart of Ice, na tarehe 15 Revill tena katika Nothing to Fear. Si uzembe wa kipindi hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo msikate. Sisi tutafuata mpangilio wa utengenezaji.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila kipindi kinatazamwa mara mbili na nusu: ya kwanza kama mtazamaji, kalamu mezani, ya pili bila sauti, kisha dakika zile tatu za kusikiliza. Visizidi vipindi vinne kwa kikao. Kikifika cha tano alama zote huanza kukusanyika kati ya 65 na 75, kwa sababu mwamuzi amechoka na anakimbilia katikati. Alama ziandikwe kabla mtu hajafungua mdomo. Hata "duh!" inahesabika, kwa hiyo tafadhali mziweke moyoni.

Waamuzi watano wanatoa alama tano. Tunatupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, tunagawa zilizobaki kwa tatu. Tuseme zimetoka 70, 71, 73, 74 na 40, kwa kuwa mmoja wenu hampendi Robin tangu utotoni. Wastani wa kawaida ni 65.6, kwa utaratibu wetu ni 71.3. Huyo wa 40 bado ataandika sababu zake, na zitasomwa, ila hazitakizamisha kipindi.

Vipindi vya sehemu mbili vinapata karatasi mbili, halafu mstari wa hadithi unajadiliwa kwa pamoja, kwa kuwa mwandishi aliipanga kama safari moja. Mchoro haujadiliwi pamoja. Mmeshaona kwa nini.

Wapo waliouliza kama karatasi hii inafaa kwa Super Sema, ile katuni ya shujaa wa kike yenye mizizi Kenya iliyoanza kuonyeshwa YouTube mwaka 2021, Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa watayarishaji na sauti zake. Kwa jinsi ilivyo, haifai. Vipindi vyake ni vya dakika chache, havina nafasi ya kugeuza maana katikati kama Heart of Ice. Swali la suluhisho lilipandwa lini linabaki, na pale lina uzito zaidi kwa sababu Sema hushinda kwa ubunifu na sayansi. Mgawanyo wa alama utabidi uandikwe upya, nao si wa leo.

Tunaanza na kipindi cha kupatanisha mizani, ambacho alama zake hazitahesabiwa. Ni Nothing to Fear: si bora, si kibaya, mchoro wake unapanda na kushuka, na Alfred ana ile sauti ya kwanza. Mkitofautiana kwa zaidi ya 10 kwenye mstari wowote, tutasimama hapo hapo tuzungumze mpaka tujue mnatofautiana kuhusu kipindi au kuhusu karatasi. Kalamu mezani, mapazia yafungwe.